Leso ya nyanya: tuikate tugawane, au izunguke nzima?

Assalaam aleikum, mshauri.

Nina miaka 27, naishi Mombasa, na Mungu akipenda nitaolewa baada ya wiki sita. Jambo langu linahusu kitambaa, na huenda likaonekana dogo. Lakini limefika hadi mama na shangazi hawapigiani simu, na harusi ni yangu.

Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa Tanga, akaolewa Mombasa mwaka 1961. Alifariki mwaka jana. Ndani ya kasha lake tulikuta doti ya kisutu (kanga mbili za bibi harusi) aliyojifunga alipoolewa, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Haina jina, yaani maneno yanayochapwa kwenye kanga, ila ukingoni mna herufi ndogo zilizofifia, "Mali ya Abdulla". Chini yake palikuwa na hanchifu (vitambaa vya mkononi) nne nyeupe alizodarizi mwenyewe pembeni, zimeshageuka rangi ya chai.

Siku zake za mwisho nyanya alisema, "Leso yangu ni ya wajukuu wangu wote." Hivyo ndivyo alivyosikia shangazi, kwa simu, akiwa kwake Dar es Salaam. Kwa shangazi leso ni kitambaa cha mkononi, kwa hiyo maana anaiona ni moja tu: kisutu kikatwe leso ndogondogo, kila mjukuu apewe yake aishike siku ya harusi yake. Ameshapata fundi, na anataka kazi iishe kabla ya siku yangu ili sisi mabinti wote 11 tuwe na leso zetu mkononi.

Mama ndiye aliyemuuguza nyanya miaka miwili, akimlisha na kumwogesha. Anasema nyanya ameishi Mombasa miaka sitini, na Mombasa leso ni ya kujifunga. Anasema alimsikia kwa masikio yake pale kitandani: "Leso zangu ni za wajukuu wangu wote," yaani zibaki nzima, kila anayeolewa ajifunge kisha arudishe. Shangazi akamjibu neno ambalo mama hajalisahau, kwamba mkaza mwana hafasiri maneno ya mama wa mwenzake.

Baba amenyamaza. Binamu zangu wawili wako Maskati na mmoja London, wote wanataka kipande. Wajukuu wa kiume saba hawajaulizwa.

Kanga moja bado nzima. Ya pili imechanika kwenye mkunjo wa katikati, kwa urefu, kama shubiri mbili, na ina doa la kutu palipokuwa na pini. Natamani kujifunga ile nzima usiku wa hina. Na nikisema kweli, natamani isiondoke kwangu baada ya hapo. Nyanya ndiye aliyenilea.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilichukua hanchifu moja nikailoweka kwenye jiki usiku kucha, nione kama itarudi nyeupe. Ilirudi. Nilipoikamua ikakatika vipande mikononi mwangu.

Shangazi anakuja Ijumaa ijayo na mkasi wake. Nifanye nini?

Bibi harusi mtarajiwa, Mombasa

*

Waaleikum salaam, mwanangu, na pole kwa kumpoteza nyanya aliyekulea. Jambo lako si dogo hata kidogo. Mna doti moja, maneno ya marehemu yaliyosikiwa namna mbili, wanawake wawili ambao kila mmoja anamlilia kwa njia yake, na wewe unayefanywa hakimu wakati ulipaswa kuwa ndani unasingwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Isome tena barua yako. Shangazi alisikia "leso yangu ni ya", mama alisikia "leso zangu ni za". Mmeshindania maana ya leso, kumbe hata umoja na wingi wake hamjakubaliana. Na wingi hauondoi utata: doti ni kanga mbili, wapo wanaoiita leso moja na wapo wanaohesabu leso mbili. Tena kasha lilikuwa na hanchifu nne, ambazo kule Tanga zingeitwa leso bila mtu kuuliza mara mbili. Huenda nyanya alikuwa akizungumzia hizo nyeupe alizozidarizi kwa mkono wake, kisutu hakimo akilini kabisa. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyezaliwa Tanga na kuzeekea Mombasa alikuwa na leso zote mbili mdomoni, na hakuna kati yenu awezaye kuapa ni ipi aliyoikusudia. Mama yako na shangazi yako wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

Neno "wajukuu" nalo mmelipita haraka. Ninyi mnahesabu mabinti 11, lakini Kiswahili hakimtengi mjukuu wa kike na wa kiume, naye alisema wote. Hao ni 18. Kwa fundi, kazi ya 11 na kazi ya 18 hazifanani, kwa hiyo idadi ijadiliwe kabla ya kipimo.

Lipo pia swali ambalo hukuliuliza: mali hii ni ya nani hivi sasa? Salamu yako inanifanya nidhani ninyi ni Waislamu. Katika mirathi ya Kiislamu, warithi ni wanawe nyanya, yaani baba yako na shangazi yako pamoja na ndugu zao kama wapo, na mumewe kama yu hai. Mjukuu harithi ikiwa mwana wa kiume wa marehemu yu hai, ila anaweza kuusiwa, na wasia hauvuki thuluthi ya mali. Kama maneno yale yanahesabika kuwa wasia, nyote mna haki. Kama hayahesabiki, doti ni ya warithi wake. Kadhi, au shekhe mnayemwamini, atawaeleza hilo vizuri kuliko safu hii. Lakini kwa njia zote mbili baba yako ni mwenye neno, na kimya chake ndicho kilichowaachia mama na shangazi uwanja wa kuumizana. Ungeweza kumwendea yeye kwanza, kabla ya Ijumaa, ukamwomba awepo tu chumbani wakati wa mazungumzo.

Na lile la kutamani isiondoke kwako: nafurahi umelisema. Ni hamu ya mtoto aliyelelewa. Ila jiulize kama kuunga kwako mkono upande wa mama kunatokana na maneno ya nyanya au na hamu hiyo, kwa sababu kama haijasemwa wazi, shangazi ataihisi na ataiita jina baya.

Sasa kitambaa chenyewe, na hapa nisome polepole.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso za mkononi zenye michoro, zikiuzwa zingali zimeungana kwenye jora. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Walikuwa wakikata leso sita kwa mpigo, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata vazi moja. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji (sehemu ya katikati), nayo ndiyo kanga. Mombasa jina la leso likabaki kwenye vazi. Upande wa Tanzania likabaki kwenye kitambaa cha mkononi. Mama na shangazi wameshika neno moja, kila mmoja kwa ncha yake. Waelezeni wote wawili. Halitaamua ugomvi, lakini litaondoa ile dhana kwamba mmoja wao hajui anachosema.

Zile herufi, "Mali ya Abdulla", ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la mtaa wa Biashara, Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Alama hiyo inachapwa hadi leo, kwa hiyo haitawaambia umri wa kisutu. Mwaka wa harusi ya nyanya ndio ushahidi mlio nao. Uandikeni kwenye karatasi ikae na doti.

Pendekezo la shangazi lina uzito kuliko mnavyomhesabia. Anataka kila mtoto awe na kitu cha kushika, hata aliyeko London ambaye hatakuja kila harusi. Tulipime basi. Kanga huwa na urefu wa sm 150 na upana wa sm 110 hivi. Ya kwenu ipimeni, maana za zamani hutofautiana. Leso ya sm 30 hukatwa kwa sm 32, ibaki sm 1 ya kupinda kila upande. Urefuni zinapatikana 4, upanani 3, jumla 12. Mabinti 11 wanatoshewa, na hapo ndipo hesabu ya shangazi ilipoishia. Lakini ilaze kanga kitandani utazame kila kipande kinabeba nini. Kati ya hizo 12, kumi zina pindo, nne kati ya hizo kumi zikiwa za pembe, na mbili tu ni za mji mtupu. Sm 22 za urefu na sm 14 za upana zinabaki: mkizitoa kingoni mnapunguza pindo, mkizitoa katikati mnapoteza mji. Alama ya Abdulla atakwenda nayo mmoja. Mtakuwa mmegawa vitu 12 visivyolingana kwa watu wanaotaka usawa, na kwa wajukuu 18 hata hivyo 12 havitoshi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni rangi nyeusi. Katika pamba za zamani zilizochapwa, aghalabu nyeusi ndiyo hufa kwanza, kwa sababu baadhi ya rangi nyeusi huacha asidi ndani ya nyuzi na miaka ikazila taratibu. Kisutu nacho kina nyeusi nyingi. Ishike kanga mbele ya dirisha mchana: mwanga ukipenya kama kwenye chekeche sehemu nyeusi na haupenyi sehemu nyeupe, nyuzi zimeshapungua. Kisha, kwenye pindo la ndani lisiloonekana, ivute kidogo sana kwa vidole viwili. Ikitoa mlio mkavu, au ikiacha unga mweusi vidoleni, haitastahimili kushikwa kama leso ya kufutia machozi na jasho halafu ikafuliwa. Itafaa kuwekwa ndani ya fremu tu, na hilo shangazi anapaswa kulijua kabla ya kukata.

Ikistahimili na mkaamua kukata, zungumzeni na fundi wazi. Sindano iwe nyembamba, namba 9 au 11. Uzi uwe wa pamba. Wa poliesta una nguvu kuliko nguo yenyewe na unaweza kuikata. Mshono uwe mrefu, mm 2.5 hadi 3, kwa kuwa mshono mfupi hutoboa matundu yaliyokaribiana kama ukingo wa stempu, na nguo hukatikia hapohapo.

Kuna njia ya tatu ambayo sijaiona kwenye barua yako, na inahusu ile kanga iliyochanika. Mkikata ukanda mmoja wa upana wa sm 8 katika urefu wake wote, kando ya mkunjo uliochanika, mtapata viraka 18 vya sm 8 kwa sm 8 na sm 6 zikabaki. Ni 18 kamili, mwanangu. Kila kiraka kishonwe pembeni mwa leso mpya ya pamba nyeupe ya sm 30. Leso mpya zifuliwe kwanza ili zisirudi baadaye na kukikunja kiraka. Kingo za kiraka zikunjwe mm 5 chini, zishonwe kwa mkono. Vipande viwili vya kanga vinavyobaki, vyenye jumla ya upana wa sm 102 au pungufu kidogo kwa sababu ya kuondoa palipochanika, viungwe tena kwa mshono mmoja wa katikati. Itakuwa nyembamba kwa sm 10 hivi, lakini inajifungwa, nayo itakuwa imeungwa kama leso za zamani zile. Ile nzima haiguswi.

Hasara zake ni hizi. Michoro ya mji haitakutana sawasawa kwenye mshono. Viraka vitakavyoangukia kwenye kutu itabidi viachwe, na mtahitaji kipande kingine. Doti haitakuwa pacha tena. Na mama anaweza kusema mkasi ni mkasi hata ukikata sm 8, naye atakuwa na haki ya kusema hivyo. Shangazi naye anaweza kuona kiraka ni sadaka ndogo mno.

Njia ya mama ina magumu yake. Leso inayozunguka huhitaji mwenye kuitunza, na ninyi hamjasema ni nani. Ikienda Maskati na isirudi, nani ataidai? Ikipata doa kwa mjukuu wa tatu, wa nne ataambiwa nini? Tena ikikaa kwenu, kila atakayeitaka itabidi amwombe mama yako, na huo ndio mlango ambao shangazi hataki kuugonga. Kama mtaichagua njia hii, pengine kasha likae kwa baba, au likae mwaka kwa baba na mwaka kwa shangazi, na kuwe na daftari: nani kaichukua, tarehe gani, imerudi na hali gani. Mpange pia muda wa kujifunga. Saa moja au mbili za sherehe ni tofauti kabisa na usiku mzima wa ngoma.

Sasa ile hanchifu. Ulichofanya wengi wamekifanya. Klorini iliyomo kwenye jiki haiondoi rangi ya chai peke yake, huila pamba yenyewe, na nguo iliyokaa miaka kwenye mbao za kasha tayari imedhoofishwa na asidi ya mbao. Usiku kucha ni mrefu mno. Vipande usivitupe, visuuze kwa maji mengi, vikauke kivulini, vikunje kwenye kitambaa safi. Hizo tatu zilizobaki ziloweke kwenye beseni la maji baridi ya kunywa, kwa maana maji ya kisima ya Mombasa mara nyingi yana chumvi. Maji yakigeuka manjano yabadilishe, hata mara nne. Kisha sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, dakika 20, na kusuuza hadi povu liishe. Usikamue, ziinue zikiwa juu ya kipande cha chandarua, zilaze juu ya taulo kivulini. Zikibaki na weupe wa maziwa, ziache hivyo. Wala usitie wanga kabla ya kuzihifadhi, unaita mende na wadudu wengine.

Kumwambia mama au kutomwambia ni lako. Ukimwambia leo, anaweza kukasirika, na shangazi akisikia anaweza kulitumia dhidi ya nyumba yenu yote. Usipomwambia, kasha litafunguliwa Ijumaa mbele ya watu na hanchifu zitahesabiwa. Mimi ningependelea mama alisikie kutoka kwako akiwa peke yake jikoni kuliko hapo, lakini wewe ndiye unayemjua.

Kisutu kisifuliwe kwanza. Lowanisha pamba nyeupe, ikandamize dakika mbili juu ya nyekundu, kisha nyingine juu ya nyeusi. Pamba ikitoka na rangi, maji yasikiguse. Kianikwe ndani mahali penye hewa siku mbili kitoe harufu ya kasha, basi. Doa la kutu liacheni. Limau na chumvi watakavyowashauri wengi hufaa nguo nyeupe imara, lakini juu ya rangi hizi huacha baka baya kuliko kutu. Msikirudishe kwenye mfuko wa nailoni, kitaota ukungu. Kiviringisheni pamoja na kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili tatu, bila kukikunja, na karafuu au nafthalini visikiguse.

Kwa Ijumaa, ningejaribu kumwomba shangazi mambo mawili tu: mkasi ubaki kwenye mkoba hadi kanga zote mbili zitandazwe na kupimwa mbele yake, na lolote la kukata lingojee baada ya harusi. Ukimpa kazi ya kupima yeye mwenyewe, mbele ya dirisha, ataona kwa macho yake yale ambayo kwako yangesikika kama ubishi. Na mama aambiwe na mtu, ikiwezekana baba, kwamba miaka miwili ya kuuguza imeonekana. Nahisi hilo ndilo analolidai zaidi ya leso.

Ukikubaliwa kujifunga ile nzima usiku wa hina, usijifunge wakati wa kupakwa. Hina na piko havitoki kwenye pamba, hata kwa ufundi gani. Vaa kanga mpya hadi hina ikauke, ibanduliwe na mikono ioshwe. Halud na marashi vipakwe mwilini, vikauke robo saa kabla nguo haijakugusa. Nguo ifukizwe udi kwa mbali, chetezo kisiwe chini yake, cheche moja inatosha kuitoboa. Asumini ziwe kichwani, zisilale juu yake, zikinyauka huacha madoa ya hudhurungi. Usitumie pini, ifunge fundo la wazi kifuani, au ijitande tu mabegani ukiwa umeketi, na atakayekuvisha awe ameosha mikono.